Puli zilizopasuka kwenye kii: chuma ndani ya alumini ya skrepa, kilikotoka na jinsi kilivyopunguzwa

Usuli

Karakana inayozungumziwa iko katika mji mmoja wa pwani ya Afrika Mashariki. Majina yameondolewa, na uzito wa mafungu makubwa umekadiriwa. Kazi yake kuu ni kusubu (kuyeyusha na kumimina kwenye kalibu) puli za alumini za mashine za kusaga nafaka, za inchi 6 hadi inchi 12, zenye mitaro miwili ya mkanda wa umbo la V, saizi B. Kalibu ni za mchanga. Tanuri ni la mkaa lenye feni ya umeme. Chungu cha kuyeyushia kilikuwa kipande cha bomba nene la chuma kilichochomelewa kitako, chenye kuchukua kilo 40 hivi za alumini.

Kwa miaka mingi malighafi ilikuwa mchanganyiko wa rimu za magari, vifuniko vya injini na vipande vya madirisha. Bei ya rimu ilipopanda, karakana ilihamia kwenye pistoni za malori ya dizeli. Zilikuwa nyingi, za bei nafuu, na zilitoa alumini inayotiririka vizuri kwenye kalibu kwa sababu zina silikoni nyingi. Kwa kila mzigo wa kilo 30, kilo 18 zilikuwa pistoni na kilo 12 zilikuwa mabaki ya umiminaji uliotangulia: mifereji, vilishio (akiba ya kujazia kalibu alumini inaposinyaa) na puli zilizoharibika.

Puli ya mashine ya kusaga hubeba mzigo mkali kuliko inavyoonekana. Kii, kipande cha chuma kinachofunga puli kwenye shafti, hugongwa kwa nyundo, mkanda huvuta upande mmoja, na mashine hupokea mishtuko kila inapolishwa mahindi kwa wingi. Puli ikipasuka katikati ya kazi, vipande hutoka kwa kasi ya kuvunja mfupa. Kwa hiyo kisa hiki si cha hasara ya biashara peke yake.

Yaliyotokea

Malalamiko yalianza miezi michache baada ya kuhamia kwenye pistoni. Katika puli 60 hivi zilizouzwa ndani ya miezi miwili, 11 zilirudi. Nyingi zilikuwa na ufa ulioanzia kwenye kona ya njia ya kii na kuelekea kwenye mikono ya puli. Wakati huohuo fundi wa kukereza alilalamika kwamba kisu kinakutana na chembe ngumu ghafla na ncha kukatika. Kwenye vitovu vinene (sehemu ya katikati ya puli), baada ya kutoboa, yalionekana matundu madogo yenye kuta za kukwaruza.

Dhana ya kwanza ilikuwa gesi. Ni dhana ya kawaida, maana alumini iliyoyeyuka hunyonya haidrojeni kutoka kwenye unyevu, na mchanga wa karakana ulikuwa ukimwagiwa maji bila kipimo. Mchanga ukakaushwa zaidi, chumvi ya kusafishia ikatumika kila mzigo, vilishio vikaongezwa ukubwa. Matundu ya mviringo, yenye kuta laini, yalipungua kweli. Yale ya kukwaruza hayakuondoka, na nyufa ziliendelea.

Hatua ya pili ilikuwa kuivunja puli moja makusudi na kuutazama uso wa mvunjiko. Ulikuwa na vibamba bapa vinavyometameta, karibu hakuna dalili ya alumini kuvutika kabla ya kukatika. Kipande kikasuguliwa kwa msasa hadi namba 1200, kikasafishwa kwa kitambaa chenye unga wa kung'arishia, kikatiwa kwenye mmumunyo mwepesi wa soda kali kwa muda mfupi na kuoshwa. Chini ya hadubini ya shule yenye ukuzaji wa mara 100 zilionekana sindano ndefu za rangi ya kijivu zikikatana kila upande. Sindano hizo kwa hakika ni vibamba vilivyokatwa kwa ubavu. Ni muungano wa kikemikali wa alumini, chuma na silikoni, na ndio alama ya chuma kilichozidi.

Ndipo sampuli ikapelekwa kwenye maabara yenye spektrometa ya cheche, kifaa kinachosoma kiasi cha kila elementi. Ilimiminwa kwenye kalibu ya chuma baridi ili igande haraka na kuwa na umbo la kisahani, kwa sababu sampuli iliyogandia kwenye mchanga ina chembe kubwa na husomwa vibaya. Majibu yalikuwa: silikoni asilimia 9.8, chuma 1.62, shaba 1.4, nikeli 0.9, zinki 0.7, magnesi 0.5, manganisi 0.16, kromi 0.10.

Namba ya kutisha hapo ni ya pili. Kuna kanuni rahisi ya kukadiria ukomo wa chuma katika alumini yenye silikoni: zidisha asilimia ya silikoni kwa 0.075, kisha toa 0.05. Kwa silikoni 9.8 jibu ni kama 0.69. Chini ya hapo vibamba huwa vidogo na hutokea mwishoni mwa kuganda. Juu ya hapo hutangulia, hukua katika alumini ambayo bado ni majimaji, na huwa vikubwa. Puli hizi zilikuwa na zaidi ya mara mbili ya ukomo.

Kukitafuta chanzo

Sehemu hii ndiyo iliyookoa kazi, na ndiyo ambayo karakana nyingi huiruka. Zilimiminwa sampuli nyingine nne.

Rimu peke yake, zikiyeyushwa katika chungu kidogo cha grafiti na udongo, zilitoa chuma asilimia 0.19. Hilo lilitarajiwa: rimu nyingi hutengenezwa kwa alumini ya daraja la A356, ambalo kikomo chake cha chuma ni 0.20. Rimu hizohizo zikiyeyushwa katika chungu cha bomba na kuachwa humo saa mbili, zilipanda hadi 0.48. Pistoni zilizokatwa na kutolewa vyuma vyote zilitoa 0.75. Mabaki ya zamani, kama ilivyokuwa puli, 1.62.

Hesabu ya mzigo mmoja ikawa hivi. Kilo 30 zenye asilimia 1.62 zina gramu 486 za chuma. Mabaki, kilo 12, yalileta gramu 194. Alumini ya pistoni, kilo 18, ilileta gramu 135. Zinabaki gramu 157 ambazo hazikuwamo kwenye malighafi ya alumini. Zimeingia wakati wa kuyeyusha.

Chungu kilikuwa mshukiwa wa kwanza. Chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500 za Selsiasi, na alumini humiminwa karibu na 720, kwa hiyo fundi huona chungu kiko salama. Lakini chungu hakiyeyuki kwa moto. Kinayeyushwa na alumini yenyewe, kama sukari inavyopotea kwenye chai bila chai kufikia joto la kuyeyusha sukari kavu. Katika nyuzi 700 alumini majimaji inaweza kubeba zaidi ya asilimia 2 ya chuma, na kila joto linapopanda ulaji huongezeka. Tanuri hili halikuwa na kipimajoto. Kilipopatikana kimoja cha themokapo, alumini ilikutwa kwenye nyuzi 860 wakati wa kumimina.

Mshukiwa wa pili alikuwa amejificha. Pistoni za malori ya dizeli huwa na pete ya chuma iliyofungwa ndani ya alumini kwenye mtaro wa ringi ya kwanza, ili mtaro usilike. Mafundi walikuwa wakipitisha sumaku kwenye skrepa kabla ya kuyeyusha, na sumaku haikushika kitu, wakaridhika. Pete hizo hutengenezwa kwa chuma cha kusubu chenye nikeli nyingi, karibu asilimia 15, ambacho kimechaguliwa kwa sababu hutanuka kwa kiwango kinachokaribia cha alumini. Chuma cha aina hiyo hakishikwi na sumaku, au hushikwa kwa udhaifu mno. Pete zilianguka chini ya chungu na kukaa humo hadi mwisho wa kumimina. Pete iliyokatwa kwa msumeno kutoka pistoni baridi ilikuwa na gramu 140. Mwenzake aliyeopolewa chunguni alikuwa na gramu 128. Pistoni tisa kwa mzigo, gramu 12 kila pete, na karibu asilimia 70 ya uzito huo ni chuma: gramu 76 hivi. Zilizobaki, kama gramu 80, zilitoka kwenye chungu na fimbo ya kukorogea.

Kisha kuna mzunguko wa mabaki. Alumini iliyoganda haiwezi kushikilia hata asilimia 0.05 ya chuma ndani yake bila kuunda vibamba, na hakuna chuma kinachotoka wakati wa kuyeyusha upya. Kila mzigo uliyarithi mabaki ya mzigo uliopita na kuongeza yake.

Maamuzi na sababu zake

Swali la kwanza la mwenye karakana lilikuwa la busara: je, hakuna unga wa kutia ili chuma kitoke? Jibu ni hapana, na sababu yake inafaa kueleweka. Chumvi za kusafisha, klorini na oksijeni hukamata kwanza kile kinachopenda kuungana nazo zaidi. Magnesi hukamatwa, ndiyo maana inaweza kupunguzwa kwa klorini. Chuma kinapenda oksijeni na klorini kidogo kuliko alumini yenyewe. Ukipuliza hewa hadi jioni, utaunguza alumini na kukiacha chuma kikiwa asilimia kubwa zaidi ya kile kilichobaki. Yeyote anayeuza unga wa kuondoa chuma kwenye alumini kwa kunyunyiza juu anauza chumvi.

Zikabaki njia tatu: kukizuia chuma kisiingie, kukizimua kwa alumini safi, na kukituamisha, yaani kukifanya kishuke chini ya chungu.

Kuzuia kulianza siku ileile kwa kuwa hakukugharimu sana. Chungu kilipakwa rangi ya kukinga: chaki iliyosagwa vipimo 3, silikati ya sodiamu kipimo 1, na maji ya kutosha kupakika kwa brashi. Chungu hupashwa kwanza hadi nyuzi 150 au 200, ili kila tabaka likauke linapogusa. Kikikaa baridi, rangi hubanduka kwa magamba. Tabaka tatu nyembamba hushinda moja nene. Fimbo, upawa na kikoleo vilipakwa vilevile. Joto likawekewa kikomo cha nyuzi 740.

Kwa pistoni kulijengwa mteremko wa matofali ya moto wenye mfereji, mbele ya mdomo wa tanuri la pili. Pistoni huwekwa juu, alumini inapoyeyuka huteleza na kutoka ndani ya dakika chache, na pete pamoja na pini hubaki juu ya matofali. Hapa kuna hatari isiyopuuzwa: pistoni nyingi za malori zina njia ya oili iliyofichika ndani ya kichwa. Oili au maji yaliyobaki humo hulipuka. Kila pistoni hutobolewa au kupasuliwa, kisha hukaushwa ukingoni mwa moto kabla ya kuwekwa.

Rimu nazo hukaguliwa. Vizito vya kusawazisha, ambavyo vingine ni vya risasi, huondolewa, pamoja na vali na vipande vya chuma vilivyopachikwa. Zilizopakwa kromi hutengwa.

Kuzimua ni hesabu ya mizani. Shabaha ilikuwa asilimia 0.60. Ukichanganya mabaki ya 1.62 na rimu za 0.19, sehemu ya mabaki haiwezi kuzidi asilimia 28.7, yaani kilo 8.6 kwa kila mzigo wa kilo 30. Karakana ilikuwa na kilo 400 hivi za alumini mbaya. Kuimaliza kwa njia hiyo kungedai karibu tani nzima ya rimu, na fedha hiyo haikuwepo. Kuiuza yote kama skrepa kulikuwa hasara, na pia kungeihamishia alumini hiyo kwa fundi mwingine asiyejua kilichomo.

Ndipo ikachaguliwa njia ya tatu. Manganisi ikiongezwa, chuma huacha kuunda vibamba na badala yake huunda chembe nene zilizojikusanya zenye alumini, chuma, manganisi na silikoni. Chembe hizo ni nzito kuliko alumini na huanza kuganda wakati alumini bado ni majimaji. Zikipewa muda na joto sahihi, hushuka chini na kuwa mashapo.

Utekelezaji

Jaribio la kwanza lilishindwa, na lilishindwa kwa namna inayofundisha. Vidonge vya manganisi vilitiwa, alumini ikakorogwa, na puli zikamiminwa moja kwa moja kwenye nyuzi 700. Dhamira ilikuwa kubadili umbo la vibamba tu. Lakini kwa chuma cha asilimia 1.62, chembe nene tayari zilikuwa zimeanza kuzaliwa chunguni na zikaingia kwenye kalibu pamoja na alumini. Kisu cha kukereza kilikatika kwenye puli ya kwanza. Kubadili umbo pekee hufaa chuma kikiwa karibu na ukomo; kikiwa mara mbili yake lazima kwanza kitolewe.

Kuna kipimo cha kujua mapema kama mashapo yatatokea: jumlisha asilimia ya chuma, mara mbili ya manganisi na mara tatu ya kromi. Wasubuji wengi hujihadhari jumla inapokaribia 1.8. Katika kutuamisha hutakiwa kinyume, yaani jumla iwe kubwa. Kwa manganisi ya 0.9 ilikuwa 1.62 + 1.8 + 0.3, takriban 3.7.

Utaratibu uliokubalika ulikuwa huu. Kilo 35 za alumini mbaya ziliyeyushwa katika chungu cha grafiti na kupandishwa hadi nyuzi 770. Kuipeleka manganisi kutoka 0.16 hadi 0.9 kulihitaji gramu 259 safi. Kwa vidonge vyenye asilimia 80, na kwa kukadiria upotevu, zilipimwa gramu 350. Vilizamishwa kwa kikombe cha chuma chenye umbo la kengele kilichopakwa rangi, kwa awamu mbili, na kukorogwa taratibu dakika 15. Makapi ya juu yaliondolewa. Feni ikazimwa, chungu kikafunikwa, na joto likaachwa lishuke polepole hadi nyuzi 620. Hapo lilishikiliwa dakika 60 kwa kufungua na kufunga feni, bila kukoroga hata kidogo. Chini ya nyuzi 600 alumini yenyewe huanza kuganda na kila kitu husimama. Juu ya 650 chuma kingi hubaki kimeyeyuka.

Kisha fundi mmoja, mwenye mkono mtulivu, aliengua juu kwa upawa mpana uliopashwa moto, akaacha robo ya chini bila kuigusa. Zilitoka kilo 26 zenye chuma asilimia 0.86 na manganisi 0.52. Mashapo, kilo 9, yalimiminwa kwenye vibao na kupigwa alama ya rangi nyekundu. Kwa hesabu, yalibeba chuma karibu asilimia 3.8.

Alumini hiyo yenye chuma 0.86 ilizimuliwa kwa rimu, safari hii kilo 0.63 za rimu kwa kila kilo moja. Mchanganyiko wa mwisho ulipimwa: chuma 0.61, manganisi 0.31. Uwiano huo wa nusu kwa moja unafaa, kwa sababu chuma kilichosalia hugandia zaidi kwenye chembe nene zilizojikusanya na kidogo tu kwenye vibamba.

Matokeo

Kilo 400 zilimalizwa kwa rimu zisizofika kilo 200. Kasoro ya hesabu hiyo ni robo ya uzito iliyogeuka mashapo, pamoja na mkaa wa saa za ziada.

Fimbo za majaribio za milimita 20 zilipindwa kwenye jiriwa. Za zamani zilikatika bila kupinda kwa kuonekana. Mpya zilipinda kwanza ndipo zikapasuka. Katika miezi mitatu iliyofuata ziliuzwa puli 74 na zikarudi 2, moja kati yake kwa sababu tundu lilitobolewa kombo. Matundu ya kukwaruza kwenye vitovu yalipungua sana ingawa vilishio vilirudishwa kwenye ukubwa wa awali.

Haikuwa kazi iliyonyooka hadi mwisho. Sampuli ya mwezi wa pili ilisoma 0.71. Rangi ya chungu cha bomba, ambacho bado kilitumika kwa mizigo midogo, ilikuwa imebanduka chini ambako hakuonekani, na mabaki yalikuwa yamefika nusu ya mzigo. Chungu hicho kikaondolewa kabisa na mabaki yakawekewa kikomo cha theluthi.

Uchambuzi

Kosa la kuanza na gesi linaeleweka, lakini mvunjiko ulikuwa ukitoa ushahidi tangu siku ya kwanza. Tundu la gesi ni mviringo na laini. Tundu la kukwaruza ni la kusinyaa, yaani alumini ya kulishia haikufika. Vibamba vya chuma huziba njia ndogo kati ya chembe zinazoganda, ndiyo maana kilishio kikubwa hakikusaidia kitu: kilikuwa kimejaa, lakini njia ilikuwa imefungwa.

Wengine wameuliza mbona pistoni yenyewe, yenye chuma 0.75, haikuvunjika ndani ya injini. Pistoni humiminwa kwenye kalibu ya chuma na kuganda haraka, hivyo vibamba havipati muda wa kukua. Kitovu kinene cha puli kwenye mchanga huganda polepole mno. Vivyo hivyo, vifuniko vinavyosubiwa kwa shinikizo hutiwa chuma kwa makusudi, karibu asilimia 0.8 hadi 1, ili alumini isinate kwenye kalibu ya chuma. Alumini iliyokuwa nzuri kwa kazi moja inaweza kuwa mbaya kwa nyingine bila kubadilika hata kidogo.

Kwa maoni yetu uamuzi wenye thamani kubwa kuliko yote ulikuwa mteremko wa matofali. Kutuamisha kulivutia macho ya watu, lakini kulisafisha kilo 400 mara moja. Mteremko huzuia gramu 70 na zaidi kila mzigo, kila siku, kwa gharama ya matofali na udongo. Uamuzi dhaifu ulikuwa kuendelea na chungu cha bomba kwa ajili ya mizigo midogo: mzigo mdogo hugusana na chuma kingi zaidi kwa kila kilo, kwa hiyo huchafuka haraka kuliko mkubwa.

Sumaku bado ina kazi. Hushika boliti, pini, na vizito vya chuma. Isipewe kazi ya kuthibitisha kwamba pistoni ni safi. Kwa hilo, kata moja kwa msumeno katika kila fungu na utazame mtaro wa juu.

Mashapo yenye alama nyekundu hayakurudishwa tanurini. Yaliuzwa kwa mnunuzi wa skrepa kwa bei ya chini, pamoja na karatasi ya vipimo na onyo lililoandikwa kwamba yasitumike kwa sufuria wala kwa kitu chochote kinachozunguka.